Maji Makali kwenye Kigari Namba Nne

Jumatatu, 1 Septemba

Vifuniko ishirini na vinne, vyote nimevifungua kabla ya chai. Betri sita, kila moja seli nne. Nachovya kipimo cha asidi, navuta maji ya ndani, nasoma namba, narudisha, naandika. 1130. 1140. 1120. Seli iliyojaa husoma 1270. Hizi hazijui hata 1270 iko mtaa gani.

Daftari hili nilipewa la kuandikia vipimo. Lakini vipimo vinanitia hasira, na hasira nayo inataka pa kuandikwa.

Kigari namba nne ndicho ninachoendesha. Wageni na mizigo yao, kutoka mapokezi hadi vyumba vya bustanini, na kurudi. Mwezi wa sita hoteli ilikauka wageni. Ofisi ikaamuru vigari vitatu vya zamani vilale chini ya jengo mpaka msimu ufunguliwe, na soketi zizimwe ili kuokoa umeme. Mzee Suleiman, fundi wetu, alikuwa likizo Muscat kwa binti yake. Aliporudi akaniuliza nani kazima. Nikasema ofisi. Akatukana kwa Kiarabu, akaomba toba, akatukana tena.

Betri za maji haziachwi tupu. Karakana nzima inajua. Ofisi haijui.

Jumanne, 2 Septemba

Madam wa uendeshaji ameshuka karakana na viatu vyeupe. Alisimama mbali na betri kana kwamba zinauma. Aliongea kwa upole. Upole wake ndio ulionitisha.

Vigari vipya vya lithiamu vina kampuni yake na mafundi wake, alisema. Hivi vitatu vya zamani vimebaki mzigo. Tunapewa hadi tarehe 29. Kama siku hiyo hakuna hata kimoja kitakachomaliza siku nzima ya kazi kwa chaji moja, vyote vitauzwa chakavu, karakana itafungwa, na mkataba wa Mzee hautafanywa upya.

Mkataba ukiisha, kibali cha kukaa nacho kimekwisha. Mzee ana miaka sitini na mitano. Aliletwa hapa Dubai kutoka Unguja akiwa na minne. Wenzake wengi walipata uraia, karatasi za babake hazikukamilika, na mpaka leo hazijakamilika. Mkewe amezikwa hapa. Unguja hana hata mtu wa kumpokea uwanja wa ndege. Binti yake Muscat anaishi kwa wakwe.

Mzee alisema tu, "Inshallah, madam." Akaendelea kufuta vichwa vya betri kwa kitambaa chake cha bluu.

Jumatano, 3 Septemba

Leo amenionyesha ugonjwa wenyewe. Alimulika tochi ndani ya seli. Sahani za madini ya risasi zimeota ukoko mweupe, mgumu.

"Hii ndo asidi," akasema. Betri ikifanya kazi, asidi inatoka majini na kuingia kwenye sahani. Ukiichaji mapema, inarudi majini. Ukiiacha tupu miezi mitatu, tena kwenye joto la chini ya jengo, inaganda humo humo. Umeme unakosa pa kupita. Dawa yake ni umeme mdogo, kwa saa nyingi, siku baada ya siku, mpaka ukoko uyeyuke wenyewe. Na kuongeza maji safi tu, yale ya chupa yasiyo na chembe ya chumvi, ili sahani zisibaki wazi.

Nami nikafungua mdomo. "Mzee, si tuongeze asidi kidogo tu?"

Alinitazama juu ya miwani. "Bibie, asidi haijenda popote. Imo humo. Ukitia nyengine, siku ile ya kwanza ikirudi zitakuwa mbili, zitakula sahani. Na kipimo kitakudanganya kuwa betri nzima. Usitie. Nshakwambia."

Lakini mimi ni binti wa fundi chaji. Baba alikuwa na kibanda cha kuchaji betri kwa jenereta karibu na Kitale, kabla stima haijafika kwetu. Watu walibeba betri za gari kwenye baiskeli kutoka mbali, za televisheni na redio. Betri ikigoma, Baba alivuta maji kidogo na kutia maji makali. Ndivyo tulivyoita asidi. Betri ilifufuka hapo hapo, mtu akaondoka anacheka. Hiyo ndiyo elimu niliyokuja nayo Dubai. Sikuja na nyingine.

Alhamisi, 4 Septemba

Tumechaji kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tano. Halafu Mzee akazima. Ukichaji kwenye joto la mchana, sahani zinaoza haraka. Anaweka kiganja ubavuni mwa betri na kuhesabu kimoyomoyo. Zikimchoma kabla ya kumaliza hesabu, basi, kazi imekwisha mpaka kesho.

Vipimo vimepanda kwa pointi tano. Tano!

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani leo nimeombea betri. Mungu anisamehe, nilizitaja kwa namba.

Kisha nikamwombea Mzee. Miaka mitatu iliyopita nilipoletwa karakana kutoka idara ya usafi, hakuna dereva aliyetaka mwanamke pale. Mzee alinipa miwani ya kukinga macho na glavu, akanionyesha kopo la magadi. Asidi ikikurukia, maji mengi kwanza. Ikimwagika sakafuni, magadi. Ikishika nguo, nguo imekwenda. Ndiyo hotuba yote ya kunikaribisha.

Jumanne, 9 Septemba

1160. 1165. 1155. 1170. Vinapanda, sikatai. Lakini kwa mwendo huu tutafika 1270 Krismasi.

Denis wa mizigo, Mganda, amepita akachungulia. "Banange, Nafula, hii kitu imekufa. Muizike tu." Nimemfukuza na fagio.

Mzee haoni haraka yoyote. Anasema leo seli zimeanza kutoa mapovu madogo, ni dalili njema. Mimi naona mapovu. Siioni tarehe 29 ikisogea nyuma.

Jumatano, 10 Septemba

Mzee ameanguka. Si kuanguka kabisa, alikaa chini ghafla kando ya chaja, uso umekuwa wa majivu. Karakana ina feni mbili, moja mbovu. Denis na mimi tulimbeba hadi kliniki ya hoteli. Joto na shinikizo la damu. Amepewa mapumziko hadi Jumatatu.

Akiwa kwenye kitanda cha kliniki aliniagiza: saa kumi na mbili hadi saa tano, umeme mdogo, maji safi tu. "Wewe endelea vivo hivo, bibie. Hapana jengine."

Niliitikia. Nikamfunga kamba za viatu, maana aliniruhusu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimefanya.

Naandika kama ilivyokuwa. Saa nne nilipima. 1170, 1175, 1165. Jana zilikuwa hivyo hivyo, hazikupanda hata pointi. Nikamwona Mzee mawazoni, amekaa sebule ya watu Muscat na sanduku lake, akiomba ruhusa ya kufungua friji.

Dumu la asidi liko kwenye kabati la chini, la kutengenezea betri mpya zinapokuja kavu. Nilivaa glavu na miwani. Nilivuta maji kidogo kwenye kila seli, nikatia maji makali. Seli zote ishirini na nne. Mkono ulikuwa unaijua kazi tangu nina miaka kumi.

Dumu nimelirudisha na lebo ikitazama ukutani, jinsi lilivyokuwa.

Ijumaa, 12 Septemba

1265. 1260. 1270. 1265.

Nilicheka peke yangu karakana nzima. Nimekiendesha kuzunguka ua. Mshale wa chaji umelala upande wa kujaa. Nilitamani kumpigia Baba.

Mzee alituma sauti kwa simu akiuliza hali ya betri. Nilimjibu kuwa zinapanda vizuri. Sikusema uongo. Yaani, sijui.

Jumatatu, 15 Septemba

Mzee amerudi, mwembamba kidogo shingoni. Alivaa miwani, akachukua kipimo, akasoma betri ya kwanza. Akasoma ya pili. Alipofika ya nne aliweka kipimo chini, akaelekea kibla pale pale kwenye sakafu yenye mafuta, akasujudu.

Aliponyanyuka macho yake yalikuwa na maji. Akaniuliza nilifanyaje.

Nilimwambia nilichaji polepole kama alivyonifundisha.

Hapo ndipo uongo ulipokuwa uongo. Najua siku, saa, na mahali niliposimama.

Alimpigia binti yake mbele yangu. "Kuna msichana wa Kikenya hapa, mikono yake ina baraka." Msichana! Nina miaka arobaini na miwili. Nilikwenda chooni nikakaa.

Kawaida yake, betri ikishapanda huunganisha taa kubwa za gari na kuhesabu zinawaka kwa muda gani. Hilo ndilo jaribio lenyewe, kipimo ni nusu tu ya habari. Leo hakufanya. Madam alipita, akaona namba, akasema kesho kianze kazi tukione. Mzee akasaini karatasi kwamba kigari ni kizima.

Jumanne, 16 Septemba

Kimekufa saa nne na robo, kwenye mpando wa kwenda vyumba vya juu. Nyuma nilikuwa na wazee wawili, mume na mke, masanduku manne. Mshale ulikuwa kwenye kujaa, halafu ukalala chini mara moja. Kigari kikapunguza, kikapunguza, kikasimama, kikaanza kurudi nyuma. Nilikanyaga breki kwa miguu miwili.

Yule mama aliketi juani dakika kumi na mbili kabla Denis hajafika na kigari kingine. Alikuwa mwekundu wa joto na hakunilaumu hata kidogo. Mumewe alilaumu kwa niaba ya wote wawili.

Madam alimwita Mzee ofisini, mkononi ana ile karatasi Mzee aliyoisaini. Sijui walisema nini. Alirudi, akachukua kipimo, akapima. 1265. Akafuta miwani, akapima tena. 1265.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Tatu.

Jumatano, 17 Septemba

Mzee anasema macho yake yamekwisha.

Anasema haiwezekani kipimo kisome hivyo na betri ife vile. Basi tatizo ni macho, au kichwa, tangu siku ile alipoanguka. Aliniomba nimsomee maandishi ya kwenye chupa ya maji, akalinganisha na anachoona yeye. Nilisoma.

Nilikuwa na siku nzima ya kusema. Nimeosha vigari viwili ambavyo havikuwa na uchafu.

Sasa nimeelewa kitu kingine, na kimenichoma. Wale watu wa kwetu walikuwa wanarudi kwa Baba kila baada ya wiki chache. Tulidhani ni upendo. Walikuwa wanarudi kwa sababu betri zilikuwa zinakufa, na Baba akazitia maji makali tena, na tena, mpaka wakanunua nyingine. Baba ameua betri za nusu ya kata, na watu walimshukuru kwa kuku. Hakujua. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Mimi niliambiwa. Hiyo ndiyo tofauti, na hainisaidii.

Alhamisi, 18 Septemba

Asubuhi Mzee alikuja amevaa kanzu, si ovaroli. Alikuwa na bahasha. Akasema anaona bora aondoke kwa heshima kabla hawajamtoa, kwamba ameandika kuwa afya yake hairuhusu kazi. Alinipa ufunguo wa kabati nimshikie.

Nilimwacha akatoka. Naandika hilo pia. Nilimwacha akavuka ua wote, akaingia mlango wa wafanyakazi. Ndipo nikakimbia. Nilimkuta anasubiri lifti.

"Mzee, macho yako ni mazima. Mimi nilitia asidi."

Lifti ilifunguka. Hakuingia. Ikajifunga.

"Betri ngapi?"

"Zote."

"Seli zote?"

"Zote, Mzee."

Alikunja bahasha mara mbili, polepole. "Siku mbili, Nafula. Siku mbili nimekaa nikidhani nshakuwa kipofu."

Hajawahi kuniita Nafula. Siku zote ni bibie. Alirudi karakana mbele yangu, akabadilisha nguo. Hakunisemesha tena mpaka saa ya kuondoka, na wakati huo pia hakunisemesha. Ninastahili. Bado inauma kama kidonda.

Ijumaa, 19 Septemba

Anatibu. Mimi nashika tochi.

Kwanza chaji, umeme mdogo, ili asidi yote iliyo kwenye sahani irudi majini. Huwezi kupunguza kabla hujajua kuna kiasi gani. Nilidhani tungemwaga yote leo leo. Hapana.

Anapotaka kitu ananyoosha mkono tu. Nimejifunza upesi mkono gani unataka nini.

Jumatatu, 22 Septemba

1330. 1340. 1335. Asidi ya kwanza imeanza kurudi, na yangu imo. Kama alivyosema. Sahani zilikuwa zinaliwa huku mimi nachekelea 1265.

Leo tumeanza kuvuta. Anavuta kijiko kimoja kimoja kwa bomba la mpira, natia maji safi, tunachaji yachanganyike, napima. Namwitia namba, halafu anachukua kipimo mkononi mwangu na kusoma mwenyewe. Kila seli. Ni haki yake. Ningekuwa yeye nisingeniacha hata nishike tochi.

Wakati wa chakula nilipanda kwa madam. Nilikuwa nimeandika nusu ukurasa kwa Kiingereza changu hicho hicho. Kwamba Mzee alisaini kwa kuniamini, na mimi ndiye niliyeharibu. Alisoma mara mbili. Akauliza kwa nini namwambia, wakati hakuna aliyeuliza. Nilisema jina lililo kwenye karatasi ni la Mzee, kosa ni langu.

Barua ya onyo. Na kuanzia tarehe 1 Oktoba nahamia chumba cha kufulia. Sitaendesha tena. Tarehe 29 kwa Mzee iko pale pale.

Nilishuka ngazi kwa miguu, sikutaka lifti. Nililia ghorofa ya pili, nikamaliza ghorofa ya kwanza.

Jumanne, 23 Septemba

Denis amemwambia Mzee kwamba nilipanda kwa madam. Denis hawezi kushika siri hata ukimlipa. Saa ya chai Mzee alimimina kikombe cha pili kutoka kwenye chupa yake na kukiacha upande wangu wa benchi. Tangu Alhamisi alikuwa anamimina kimoja.

Jumatano, 24 Septemba

Betri ya tatu imekataa. Seli yake moja haitoi povu, haipandi, inapata moto tu. Mzee alivuta maji ya chini kabisa, yakatoka na tope la kahawia. Sahani zimemomonyoka. Tope likijaa chini, sahani zinagusana, basi hakuna dawa.

Nilimuuliza kama ni asidi yangu. Alifikiri. "Na joto. Na ofisi. Na wewe." Alinigawia sehemu yangu tu, hakuongeza.

Tumetoa betri moja kutoka kigari namba sita, ambacho nacho tulikuwa tunakichaji polepole pembeni, ya umri ule ule. Mpya haifai. Ukiweka mpya katikati ya kongwe, kongwe zinaivuta mpaka nayo inachoka.

Ijumaa, 26 Septemba

Taa. Tumeunganisha taa za gari na kuweka saa. Jumatano ziliwaka dakika arobaini, zikafifia. Tukachaji. Jana saa moja na dakika tano. Tukachaji. Leo saa moja na dakika thelathini na tano, na hazikufifia ghafla, zilichoka taratibu kama betri ya kweli.

Alirudi kutoka sala ya Ijumaa akatazama saa ukutani. Akatikisa kichwa juu na chini mara moja.

Bado anasoma kila kipimo baada yangu.

Jumapili, 28 Septemba

Leo taa zimewaka saa mbili kasoro dakika tano. Sikuenda kanisani. Nimekaa na taa.

Jumatatu, 29 Septemba

Tulianza saa moja. Madam aliketi mbele na daftari lake, nikaendesha mimi. Mzee alibaki karakana. Alisema akija atakuwa anasikiliza betri badala ya kumsalimia madam.

Safari tisa kabla ya adhuhuri. Mizigo ya kundi la arusi, masanduku na maua na keki ambayo Denis aliipakata safari nzima. Kwenye ule mpando niliacha kupumua. Kikapanda. Safari iliyofuata kikapanda tena. Joto lilikuwa jingi, kiti kilinichoma mapaja.

Saa tisa mshale ulishuka chini ya nusu, nikaanza kuhesabu safari zilizobaki. Saa kumi kulikuwa na mama mwenye mapacha na gari lao la kusukuma, uzito wa ajabu. Kikapunguza mwendo kwenye mpando. Madam akanitazama. Sikukanyaga zaidi, maana kukanyaga kwa nguvu kunainyonya betri. Nilikiacha kiende kwa mwendo wake. Kikapanda.

Saa kumi na moja na dakika ishirini nilikiingiza karakana. Mshale ulikuwa umebaki na kidogo, lakini ulikuwepo. Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameshaukunjua waya wa chaja, ameushika.

Madam alisema, "Khalas, vitatu vitabaki." Na Mzee atabaki navyo. Mwaka mmoja, kisha wataangalia.

Mzee alisema ahsante. Akachomeka chaja kwanza, halafu ndipo akakaa.

Jumanne, 30 Septemba

Siku yangu ya mwisho karakana. Nimefagia. Nimemwonyesha dereva mpya, Mnepali, mahali glavu zinapokaa. Nikamwambia maji huongezwa baada ya chaji, si kabla, na asidi haiguswi. Alisema ndiyo, ndiyo. Nikamwambia mara ya pili. Nikamwambia mara ya tatu.

Mzee alikuwa ameenda kupimwa damu kwa ajili ya kibali. Sikumuaga. Labda niliondoka mapema makusudi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Chumba cha kufulia kina joto kuliko karakana, sikujua inawezekana. Taulo mia kadhaa kabla ya saa sita. Wenzangu ni wazuri. Mikono inanuka sabuni siku nzima, hata nikifika nyumbani International City bado.

Kigari nakisikia nje kikipita. Hakina mlio, ila vioo vya mlango hutikisika kidogo.

Leo Mzee alikuja na ovaroli lake, lina matundu mapya mawili kifuani. Aliliweka kwenye kikapu. Akanionyesha kadi yake mpya ya ukaazi, bado ina karatasi ya plastiki. Niliisoma. Inaisha Septemba mwakani. Miaka sitini na moja hapa, na bado anapewa mmoja mmoja. Nilitaka kusema kitu juu ya hilo. Yeye alikuwa anaifuta kwa kidole gumba, ameridhika, nikakivuta kikapu chenye ovaroli.

"Unatoka saa ngapi, bibie?"

Nikasema saa tisa.

"Basi pitia. Leo nazisawazisha, nazichaji mpaka kila seli ifike sawa na mwenziwe. Yule kijana ana mkono mzuri lakini hana subira."

Nilipitia. Vigari vyote vitatu vilikuwa vimefunguliwa viti, madirisha ya karakana wazi, feni mpya inafanya kazi. Nilivaa miwani. Alikaa kwenye kiti chake na daftari mapajani, kalamu mkononi, akaniashiria nianze na namba nne. Nilichovya, nikavuta, nikamwitia namba. 1270. Aliandika. Ya pili 1265, akaandika. Nilinyoosha kipimo ili akichukue akasome mwenyewe. Hakukichukua. Alikuwa ameshapiga mstari chini ya namba, anasubiri inayofuata.